Uhakika wa theluji na wiki ya kwanza ya Desemba

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafundisha nchini Ujerumani, aliniandikia majuzi akiniuliza swali ambalo mwalimu wa isimu hakulitarajia. Wenzake wamemteua achague mahali pa kwenda kuteleza kwa skii katika wiki ya kwanza ya Desemba. Kila kijitabu cha utalii anachokifungua kinadai kuwa kwake pana uhakika wa theluji. "Mwalimu," aliuliza, "niamini kipi?"

Nilimjibu aanze na neno lenyewe. Wajerumani husema schneesicher, yaani pasipokosa theluji. Wataalamu wa utalii wa milima ya Alps walipolitafutia neno hilo kipimo, walisema kwamba mahali hutegemewa iwapo theluji ya kina cha angalau sentimita 30 hulala kwa siku 100 kati ya tarehe 1 Desemba na 15 Aprili, katika misimu 7 kati ya 10. Na tuhesabu pamoja, msomaji. Kipindi hicho kina siku 136. Mlima waweza kukaa mkavu Desemba nzima, ukaipata theluji tarehe 6 Januari, na bado ukatimiza siku zake 100! Neno halisemi uongo. Linanyamaza tu kuhusu wiki ile ile tunayoiulizia. Isitoshe, misimu 3 kati ya 10 imekwisha kusamehewa.

Nasema haya kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kunaswa. Desemba 2015, nilipokuwa masomoni huko, Alps zilikuwa kavu na zenye joto lisilo la kawaida. Tulilipa mapema, tukapanda basi hadi kijiji kimoja chenye kimo cha mita elfu moja hivi, tukakuta majani mabichi na ukanda mmoja wa theluji ya mashine, mithili ya shuka lililoanikwa kondeni. Hatukurudishiwa hata senti, kwa kuwa njia ya kuteleza ilikuwa wazi. Na kweli ilikuwa wazi! Mashine hizo nazo si muujiza: zahitaji maji mengi, umeme, na juu ya yote baridi ya kutosha.

Yamkini mtu atasema, basi na aende kwenye barafu ya kudumu, mathalani Zermatt huko Uswisi, ambako gari la kamba hufika mita 3,883. Lakini barafu ya Uswisi ilipoteza takribani asilimia 10 ya ujazo wake katika miaka miwili tu, 2022 na 2023. Mashindano ya Kombe la Dunia yaliyopangwa kati ya Zermatt na Cervinia yalifutwa mwaka 2022 kwa kukosa theluji. Mwaka 2023 yakafutwa tena, safari hii kwa wingi wa theluji na upepo. Hatimaye yakaondolewa kwenye ratiba. Urefu wa mlima, kumbe, nao una hila zake.

Njia nyingine ni kwenda kaskazini. Kilima cha Levi, nchini Ufini, kina mita 531 tu, lakini kiko ng'ambo ya mstari wa Aktiki. Huko theluji ya msimu uliopita hufunikwa na kuhifadhiwa kiangazi kizima, ikatandazwa tena Oktoba. Ni Ufini hiyo hiyo ndiko alikojifunzia skii Philip Boit wetu kabla ya Nagano 1998. Ila ifikapo katikati ya Desemba jua halichomozi kabisa, na watu huteleza kwa mwanga wa taa.

Ushauri wangu ulikuwa huu: ingekuwa Oktoba au mapema Novemba, ningemwambia Levi bila kusita. Kwa kuwa ni Desemba, na wenzake wanataka milima mirefu na jua, aende Val Thorens, Ufaransa, ambako kijiji chenyewe, achilia mbali vilele, kiko mita 2,300. Na asilipie chumba ambacho hakiwezi kufutwa bila hasara.

Amenijibu kwamba wenzake wameikubali Val Thorens, lakini wawili wanalalamikia bei. Wao wangali wanakitaka kijiji cha chini kilicho karibu na nyumbani. Nimemtumia hesabu ya zile siku 136 awasomee.