Kuhama Nyumba Wakati wa Mitihani: Mzigo Upi Ubebwe na Wengi?



Kila mara mitihani ya mwisho inapokaribia katika vyuo vikuu vya Lubumbashi, wako wanafunzi wa metrizi wanaokutwa na kazi tatu kwa pamoja: mitihani yenyewe, memwari inayongojewa na msimamizi, na nyumba inayopaswa kuachwa kabla mwezi haujaisha. Pengine mwenye nyumba anaitaka kwa ajili ya mwanawe, au kodi imepandishwa, au mwenzake waliyechangia chumba amemaliza masomo na kurudi Kolwezi. Wengi husema: "Ajipange tu, muda utatosha." Sisi tunaona vingine. Kazi hizi tatu hazifanani, na mwanafunzi akitaka kuzibeba zote kwa nguvu zake mwenyewe, mojawapo itamwangukia.

Mtihani hubebwa na kichwa kimoja. Hakuna ndugu awezaye kukukariria somo. Hata hivyo, kuna namna ya kuupunguza uzito wake. Mwaka 1885, mtaalamu wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu juu ya kumbukumbu, baada ya kujipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 ya siku moja. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa jambo hilo, na darasani tumelishuhudia. Kwa hiyo, anayehama asizike daftari zake ndani ya maboksi akitumaini kukesha baadaye. Daftari za mitihani zikae katika mfuko wa mkononi, na kila asubuhi zipate saa yake, hata chumba kikiwa kimejaa mizigo.

Memwari nayo ina desturi yake. Katika mfumo wa LMD, mwaka wa masomo una krediti 60, na memwari huhesabiwa miongoni mwa krediti za metrizi. Haifai kuifanya kazi ya kungoja mpaka mitihani ipite. Lakini yaweza kupumzika siku chache ikiwa umeiacha mahali unapopajua, na msimamizi ameambiwa mapema. Mwambieni kabla hamjachelewa, na mkubaliane tarehe. Zaidi ya hayo, wekeni nakala ya kazi yenu kwa rafiki mwaminifu. Majibu ya watu mliowahoji vijijini kwa miezi, mvua moja juu ya mkokoteni yaweza kuyafuta.

Imebaki nyumba, na hapa ndipo tunaposimama na neno letu: kuhama ni kazi ya watu wengi. Kitanda, mbabula, bidoni za maji, hata kuzunguka mitaa kutafuta chumba, hayo yote mwingine aweza kuyafanya badala yako. Hata mazungumzo ya garanti yanahitaji mtu mzima kando yako. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema kwamba garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Wenye nyumba wengi huomba zaidi, na mwanafunzi mwenye haraka, aliye peke yake, hulipa bila kuuliza. Akisindikizwa na mzee anayejua sheria hiyo, na hali ya nyumba ikiandikwa siku ya kuingia, hataibiwa kirahisi.

Tunajua sababu ya wengi kunyamaza: ni haya. Kijana aliyetumwa na ukoo mzima huogopa kuonekana ameshindwa. Binti huogopa kwamba msaada wa leo utadaiwa kesho kwa njia isiyo nzuri. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana msaada utoke kwa kikundi kizima, wasichana na wavulana, mchana, mbele ya watu. Wengine watasema kwamba wao pia wana mitihani. Ni kweli. Lakini vijana sita hupoteza asubuhi moja ya Jumamosi, wakati mmoja akihama peke yake hupoteza juma zima, na kwa juma hilo aweza kupoteza mwaka, pamoja na ada na kodi ambazo wazazi hawana tena.

Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wazee wetu. Basi tunaomba jambo dogo: katika mkutano wa mwisho kabla ya mitihani kuanza, kiongozi wa kikundi aulize wazi ni nani anayehama mwezi huu. Aliye na shida asijibu kwa kutazama chini. Aseme siku, mtaa na idadi ya mizigo. Wengine waseme nani ataleta mkokoteni, na nani atamsindikiza kwa mwenye nyumba.