Mpunga una mtaalamu, kijana bado anangoja

Mkulima wa Rujewa akiona mpunga wake unageuka manjano kabla ya wakati, anajua pa kukimbilia. Yuko afisa ugani, na humu humu Mbarali tuna Chuo cha Kilimo Igurusi, ambako watu hufundishwa udongo, maji na mbegu kabla hawajaanza kumshauri mkulima. Ni sawa kabisa. Mpunga ndio unaotulisha na kutusomeshea watoto.

Je, kijana anayeupandikiza mpunga huo akianza kupotea, mzazi wake aende kwa nani?

Ataenda kwa kocha wa timu ya mtaa, kwa mwalimu wa kwaya, kwa ustadhi wa madrasa au kwa mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda. Hao ndio walezi wa vijana tulio nao. Wanafanya kazi kubwa bila posho na bila wa kuwaelekeza. Sisi tunasema wapelekwe chuo.

Kazi yao si ya kubahatisha. Mazoezi yameisha, giza linaingia, wachezaji wanatawanyika. Mmoja wa miaka 16 amebaki nyuma, anajifanya anafunga kamba za viatu. "Kocha, nina jambo." Wiki nzima amebeba magunia mashineni, hajalipwa, na nyumbani ameambiwa asirudi mikono mitupu. Kocha anamhurumia, anampa elfu mbili ya chakula na kumwambia avumilie.

Moyo kocha anao. Ambacho hajafundishwa ni hatua inayofuata: kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huyo bado ni mtoto, kwa kuwa hajafikisha miaka 18, kwamba shauri hilo ni la afisa ustawi wa jamii, na likibidi dawati la jinsia na watoto la polisi, na kwamba aliyoyasikia ayaandike, ayatunze, asiyasimulie kijiweni. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Anayeongoza vijana, basi, ana watoto mkono mmoja na watu wazima wenye familia mkono wa pili. Kazi hiyo inasomewa.

Wala si jambo geni. Jumuiya ya Madola ilianzisha programu yake ya vijana mwaka 1973, ikaweka kituo cha Afrika mjini Lusaka, na baadaye ikaandaa stashahada ya kazi za maendeleo ya vijana ambayo mtu aliweza kuisoma kwa masafa huku akiendelea na kazi yake. Hapa kwetu, ukishika barabara kuu kuelekea Mbeya utakikuta Chuo cha Maendeleo ya Jamii Uyole. Ukielekea Iringa, kipo cha Rungemba, Mufindi. Fani yao ni maendeleo ya jamii, na ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi hii. Aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu anaweza kuanzia ngazi ya cheti na kupanda.

Gharama ya kutosoma tumeshaiona. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati yake ni ya vijana. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Kikundi kilichoundwa wiki moja kabla ya mkopo, chenye katiba iliyonakiliwa hadi jina la kikundi kingine likasahaulika ukurasa wa pili, hakiwezi kudumu. Mtu aliyesomea kazi hii angekaa na vijana hao miezi kadhaa kwanza, wakajuana, wakaweka akiba, wakajifunza kuandika daftari la hesabu, ndipo waombe fedha.

Watakaouliza ajira iko wapi wana hoja, na jibu lake ni kupanga mapema. Tunaiomba Halmashauri ya Mbarali ianze na mtu mmoja kwa kila kata, achaguliwe na vijana wenyewe kati ya wale ambao tayari wanawalea. Ada itoke kwenye mapato ya ndani, ambayo ushuru wa mpunga unayachangia. Mafunzo kwa vitendo ayafanye katika kata yake, uwanjani na mashineni, si kupanga mafaili ofisini. Akihitimu, apewe mkataba wa kufanya kazi hapo hapo, chini ya Afisa Maendeleo ya Vijana wa wilaya, ambaye peke yake hawezi kuzifikia kata zote.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Madiwani wetu wakikaa kwenye bajeti ijayo, waliombee jambo hili kifungu, hata kiwe kidogo. Kijana atakayebaki nyuma baada ya mazoezi amkute kocha anayejua kesho asubuhi wataanzia ofisi gani.