"Kubaki" Si Jibu

Limetufikia mkononi daftari la kijana mmoja anayejifunza Kihispania katika darasa la jioni. Mwalimu wake amemwandikisha vitenzi hamsini, kila kimoja na maana yake moja mkabala. Katikati ya orodha limo neno "quedar", na mbele yake: kubaki. Basi. Kurasa mbili baadaye kijana ametaka kusema kuwa amesaliwa na peso mbili, akaandika "quedo dos pesos", yaani yeye mwenyewe amebaki peso mbili! Amekatwa alama kwa wino mwekundu, wala hakuelezwa kosa.

Sisi twasema kosa si lake. Mhispania husema "me quedan dos pesos": peso ndizo kiima, na mtu ni yambwa. Je, hilo ni jambo geni kwetu? Mswahili husema "zimenibakia shilingi mbili", kwa muundo ule ule. Lakini mwalimu yule alikuwa akifasiri kutoka kitabu cha Kiingereza, lugha ambayo hapo humtanguliza mtu; akaupita mlango uliokuwa wazi, akaenda kuruka ukuta.

Na si hilo tu. Nguo ikimpendeza mtu, Mhispania hutumia "quedar". Nasi twasema gauni limemkaa. Shule ikiwa mbali, "queda lejos". "Quedarse ciego" sisi twaumaliza kwa neno moja, kupofuka. Na "quedarse dormido" ni kupitiwa na usingizi. Kisha upo mtego. Huko Hispania "he quedado con Ana" maana yake nimeahidiana na Ana tuonane. Bali dukani "me quedo con este" maana yake nachukua hiki. Aliyefundishwa "kubaki" peke yake atadhani mnunuzi anakusudia kulala dukani pamoja na kofia!

María Moliner, mkutubi wa Kihispania, alilijua jambo hili. Kamusi yake kubwa, iliyotoka mwaka 1966 na 1967, aliiita kamusi ya matumizi.

Wapo watakaotujibu kwamba anayeanza hana budi kupewa maana moja kwanza. Hatukatai. Apewe moja, lakini ndani ya sentensi nzima, tena aambiwe kuwa nyingine zinakuja. Kihispania ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, nacho pamoja na Kiswahili ni miongoni mwa lugha za Umoja wa Afrika. Itakuwaje tufasiriane kwa kupitia London?

Na kabla hatujamcheka mwalimu wa Kihispania, tuyafungue madaftari ya wageni tunaowafundisha sisi wenyewe. Tutakuta humo, kwa mwandiko wetu: piga, maana yake kuchapa. Kesho yake mgeni husikia mtu amepiga pasi, mwingine amepiga mswaki, wa tatu amepiga magoti, naye huuliza hao waliopigwa wamekosa nini. Sisi hucheka, tukamwambia kuwa lugha yetu ni ngumu. Ugumu huo tumeutia sisi.

Wenzetu wanaoandaa vitabu vya wageni tunawataka wazifute orodha hizo kabla miswada haijapelekwa kiwandani.