Kamera ya 2013 Haijafa

Sisi watu wa teknolojia tuna ugonjwa mmoja: kifaa kikifikisha miaka mitatu, tunakizika kingali hai. Mimi nakataa. Kila siku natembea na Panasonic Lumix GM1, kamera ya mwaka 2013 isiyo na kioo cha ndani. Bila lenzi, ikiwa na betri na kadi, ina gramu 204 tu.

Utaambiwa megapikseli 16 ni za kizamani. Haya, tupige hesabu. Skrini ya 4K ina pikseli milioni 8.3. Picha ya A4, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, inataka kama milioni 8.7. Hizo za ziada unazipeleka wapi?

Kihisi chake, kile kibamba kinachopokea mwanga, ni milimita 17.3 kwa 13. Simu nyingi za bei ghali hazikifikii. Na lenzi? Kiwango cha Micro Four Thirds kilitangazwa na Olympus na Panasonic mwaka 2008, na lenzi mpya za kiwango hicho bado zinaingia humo.

Betri yake ni ndogo, nabeba mbili. Usiku simu huunganisha picha kadhaa na kunishinda, nakubali. Lakini simu nyingi hulainisha nyuso bila kuuliza. Mimi huandika programu kwa riziki yangu, ila sitaki programu iamue mikunjo ya uso wa mama ibaki au ifutwe.

Kabla hujakopa ununue mpya, chaji ile iliyolala kabatini. Ukibisha, nionyeshe picha, usinionyeshe risiti.