Tusahihishe njia, si jibu pekee

Mwaka 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala Nchini (KICD) iliidhinisha silabasi ya kuwafundisha wanafunzi wa shule za msingi na za upili uandishi wa programu za kompyuta. Hatua hiyo ilistahili pongezi. Hata hivyo, namna tunavyosahihisha kazi hizo, isiporekebishwa, itakitia kitumbua chetu mchanga.

Mwanafunzi akiagizwa kuunda tovuti, huiwasilisha ikiwa imekamilika. Mwalimu huifungua, akaona inafanya kazi, akatoa alama. Je, atajuaje ni mistari ipi ya msimbo aliyoibuni mwanafunzi, na ni ipi aliyoinakili kwingine?

Sisemi kwamba kunakili ni haramu. Hata mabingwa huazima vijisehemu vya msimbo. Hatari ni kuegemea kazi usiyoielewa. Itakumbukwa kwamba mnamo Machi 2016, mtaalamu mmoja aliondoa katika hifadhi ya npm kijiprogramu chake kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu. Kazi yake ilikuwa kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mingi mno duniani ilikwama hadi kiliporejeshwa saa chache baadaye. Wengi hawakujua hata kwamba walikitegemea!

Dawa ipo. Mwaka 2005, Linus Torvalds aliunda Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Kila mwandishi anapohifadhi hatua, Git huandika jina lake, tarehe na maelezo ya alichobadilisha. Kosa likizuka, huweza kurudi hatua ya awali. Aliyejenga kidogo kidogo huonekana. Aliyebandika tovuti nzima kwa usiku mmoja huonekana pia.

Yamkini wapo watakaodai kwamba shule zetu nyingi hazina intaneti. Git haiuzwi, na ikishawekwa hufanya kazi katika kompyuta moja bila intaneti. Wengine watasema historia yaweza kughushiwa. Naam, na ndiyo maana mwalimu hana budi kuteua mistari michache na kumtaka mwanafunzi aieleze.

Kwa maoni yangu, nusu ya alama itolewe kwa kazi iliyokamilika, na nusu kwa historia yake pamoja na maelezo ya mwanafunzi. Mwalimu wa hisabati hatoi alama zote kwa jibu lisiloonyesha njia. Kwa nini mwalimu wa kompyuta azitoe?