Alama 147 ni Asilimia Ngapi?

Mwaka 2015 tulipata ujumbe kutoka Marekani. Aliyeuandika ni kijana wa Kikongo aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambaye tulifahamiana naye tulipokuwa tukifundisha katika shule ya msingi wilayani Kasulu. Yeye na wazazi wake walikuwa wamehamishiwa huko ng'ambo, na kwa kuwa umri wa kuketi darasani pamoja na watoto ulikuwa umempita, alikuwa amefanya mtihani uitwao GED. Huo ndio mtihani ambao Wamarekani huwapa watu ambao hawakumaliza sekondari, ili wakifaulu wapate cheti kinachohesabiwa kuwa sawa na cha waliomaliza. Baada ya salamu ndefu na kuulizia habari za Kasulu, aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, 147 ni asilimia ngapi?"

Swali hilo lilikuwa na asili yake. Kambini watoto wa Kikongo walisoma kwa mtaala wa kwao, na kwao matokeo ya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hutajwa kwa asilimia, hamsini ikiwa ndiyo mpaka. Alikuwa na haki ya kutaka namba ya kigeni itafsiriwe katika namba aliyoizoea. Sisi nasi tuliitazama picha ya karatasi yake ya matokeo, tukaona kwamba alama ya juu kabisa ni 200, tukachukua kalamu, tukagawanya, tukamjibu kuwa amepata asilimia sabini na tatu na nusu katika Hisabati, na tukampongeza kwa moyo wote. Siku mbili baadaye alijibu, kwa adabu ileile, kwamba karatasi hiyohiyo inasema hakufaulu.

Tukaona aibu, tukasoma karatasi upya, tukagundua kwamba ngazi ya alama za mtihani ule haianzi sifuri bali 100. Basi tukakosea mara ya pili. Tulitoa 100, tukabaki na 47, tukamwambia kuwa amepata asilimia arobaini na saba. Hesabu ilikuwa sahihi na jibu lilikuwa si sahihi, jambo ambalo sisi walimu wa Hisabati hatupendi kulisikia.

Twawaeleza wanachuo kisa hiki kwa sababu wengi wao wana kosa hilohilo mikononi, nao hawajapata mtu wa kuwasahihisha. Tumezoeshwa tangu darasa la kwanza kwamba alama ni sehemu ya jumla: maswali kumi, umepata saba, basi saba kwa kumi. Alama za GED si za namna hiyo. Mtahiniwa hujibu maswali, hupata alama ghafi, kisha alama hizo hugeuzwa ziingie katika ngazi inayoanzia 100 na kuishia 200. Sababu ya kuzigeuza ni kwamba mtihani huo haufanywi siku moja na watu wote kama ule wa darasa la saba. Hufanywa mwaka mzima, kwa matoleo mbalimbali ya maswali, na hakuna mtungaji awezaye kutunga matoleo mawili yenye ugumu uleule kamili.

Mwenye kuuza mahindi sokoni aweza kulieleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vyetu vya upimaji. Akiwa na debe mbili, na moja imebonyea ubavuni, hawezi kusema kwamba aliyejaziwa hii na aliyejaziwa ile wamepata sawa. Muuzaji mwaminifu humwongezea konzi mbili yule wa debe iliyobonyea. Ngazi ya 100 hadi 200 ndiyo konzi hizo. Aliyepata toleo gumu huhitaji alama ghafi chache kidogo ili afikie 147 kuliko aliyepata toleo jepesi. Kwa hiyo namba 147 haisemi umejibu maswali mangapi. Inasema umesimama wapi katika ngazi, na ngazi hiyo huwa na maana pale tu tunapojua nani aliitengeneza na alimlinganisha mtahiniwa na nani.

Hapa historia yatusaidia. Mtihani huu ulianzishwa mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya askari wa Marekani walioacha shule kwenda vitani. Mmoja wa wataalamu wake wakuu alikuwa E. F. Lindquist wa Chuo Kikuu cha Iowa. Mwaka 1947 jimbo la New York lilikuwa la kwanza kuwafungulia raia wasio askari. Wenye mtihani waliwapa maswali vijana waliokuwa wakikaribia kumaliza sekondari kwa njia ya kawaida, kisha alama za vijana hao zikawa kipimo cha kuwapimia wengine. Katika toleo lililotumika tangu 2002 hadi 2013, ngazi ilikuwa ya 200 hadi 800, na vijana wale wa kulinganishia waliwekwa katikati, kwenye 500. Kufaulu kulitaka mtu asipungue 410 katika kila mtihani kati ya mitano, na jumla yake isipungue 2,250. Mpaka huo uliwekwa mahali ambapo wapatao wanne katika kila kumi wa wale waliokuwa wakihitimu shuleni wenyewe wasingeuvuka. Wanachuo tunaowasimulia jambo hili hucheka. Lakini wakishacheka, huuliza swali lifaalo: kama mwenye cheti aweza kuanguka katika mtihani wa kumlinganisha asiye na cheti, basi ni nani anayepimwa?

Mwaka 2014 mtihani ulibadilishwa. Ukawa wa masomo manne, ukafanywa kwa kompyuta, ngazi ikawa hiyo ya 100 hadi 200, na mpaka ukawekwa 150 kwa kila somo. Rafiki yetu alipata 147 katika Hisabati, 146 katika lugha, 151 katika Sayansi na 150 katika Maarifa ya Jamii. Masomo mawili yakamshinda. Angeweza kuyarudia hayo mawili peke yake, lakini ada ilikuwa imemgharimu, na usiku alikuwa akifanya kazi katika ghala. Akaacha kusoma.

Januari 2016 wenye mtihani walitangaza kwamba mpaka umeshushwa kutoka 150 hadi 145. Walikuwa wamefuatilia waliofaulu, wakaona kwamba katika masomo ya chuo walikuwa wakifanya sawa na wahitimu wa kawaida wa sekondari, na pengine kuwazidi. Maana yake mpaka wa 150 ulikuwa juu mno. Waliyashauri majimbo yawahesabu kuwa wamefaulu hata wale waliofanya mtihani tangu mwanzo wa 2014, na majimbo mengi yakakubali. Jimbo la rafiki yetu lilikuwa miongoni mwa hayo. Akapata barua. Akatuandikia tena: "Mwalimu, nimefaulu lini?"

Hatukuwa na jibu, na hatunalo mpaka leo. Hakuandika hata neno moja zaidi, hakusoma hata ukurasa mmoja zaidi. Maarifa aliyokuwa nayo siku ya kuitwa aliyeshindwa ndiyo aliyokuwa nayo siku ya kuitwa aliyefaulu; kama yalibadilika, yalipungua, maana mwaka ule wa ghalani haukuwa wa vitabu. Hatulaumu uamuzi wa kushusha mpaka. Kwa maoni yetu kupima mpaka wenyewe na kukiri kwamba umekosewa ni uungwana ambao walimu wengi hatunao. Tunalolisisitiza ni kwamba mstari wa kufaulu haukuotea shambani. Watu waliuchora, na watu haohao wakaufuta wakauchora chini kidogo.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya Wamarekani peke yao. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 hapa kwetu yalipotangazwa mwanzoni mwa 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ilitaharuki, tume ikaundwa, na Mei mwaka huohuo matokeo yale yakafutwa, yakapangwa upya, na wengi waliokuwa na sifuri wakapata daraja. Majibu yaliyokuwa katika karatasi zao yalibaki yaleyale.

Sasa turudi darasani, mahali ambapo wasomaji wetu watakuwa peke yao na kalamu nyekundu. Katika mazoezi ya kufundisha tulimtembelea mwanachuo mmoja aliyekuwa amewapa watoto wa darasa la tano jaribio la Hisabati la maswali ishirini. Alituonyesha orodha safi, iliyopigiwa mistari kwa rula. Kati ya watoto 44, mbele ya majina 31 alikuwa ameandika "amefeli." Tulimwuliza mpaka wa kufaulu aliutoa wapi. Alisema kumi ni nusu ya ishirini. Tukaomba karatasi ya maswali. Maswali manne yalikuwa ya desimali, mada ambayo darasa lilikuwa halijaifikia. Moja lilikuwa na kosa la kunakili ubaoni, halina jibu. Basi mtoto aliyepata tisa alikuwa amepata tisa katika kumi na tano. Kijana yule alikuwa mwalimu mwenye bidii, na orodha ile ilikuwa imekwisha kusomwa mbele ya darasa.

Kuna jambo jingine ambalo orodha kama ile huficha. Mtu akirudia mtihani wiki ifuatayo bila kusoma kitu, alama yake hupanda au kushuka kidogo: swali hili limemwangukia vizuri, lile vibaya, au amelala njaa. Kila alama ina mtikisiko huo. Kati ya 147 na 150 hakuna tofauti ambayo mwalimu mwaminifu angeapa kwamba ni ya maarifa. Vivyo hivyo kati ya tisa na kumi. Tunapompanga mtoto wa kumi na saba na wa kumi na nane kwa kutofautiana alama moja, tunampa mzazi habari ambayo sisi wenyewe hatuijui.

Wapo watakaotuambia kwamba tunadharau mitihani. La hasha. Bila GED kijana wetu asingekuwa na mlango wowote. Lakini hata alama iliyopatikana kwa haki haiwezi kubeba kila mzigo. Mwaka 1993 wanauchumi Stephen Cameron na James Heckman walionyesha kwamba, katika soko la kazi la Marekani, watu wenye cheti cha mtihani huo walikuwa wakifanana zaidi na walioacha shule bila cheti kuliko na waliohitimu shuleni. Wengine wamesema ni kwa sababu miaka ya kuketi darasani hujenga uvumilivu na mazoea ya kazi ambayo mtihani wa saa chache hauyaoni. Twadhani wana hoja, ingawa rafiki yetu wa ghalani, aliyekuwa akisoma saa kumi alfajiri baada ya zamu, angekuwa na neno la kuwajibu.

Kwa hiyo mwanachuo atakapokwenda katika mazoezi, tunamwomba aandike juu ya kila orodha ya alama jumla ya maswali, mada zilizopimwa, na idadi ya watoto walioshindwa kila swali. Swali walilolishindwa wote lachunguzwe kwanza kabla ya watoto kuchunguzwa. Neno "amefeli" liachwe nje ya orodha za jaribio la wiki. Mahali pake paandikwe kile ambacho mtoto bado hakijui, kwa mfano kubeba katika kutoa, au kusoma saa. Mzazi akiuliza mtoto wake amepata asilimia ngapi, aonyeshwe daftari.

Nasi wakufunzi tutakapofika kuwatembelea muhula ujao, tutaomba karatasi ya maswali kwanza. Orodha ya alama tutaitazama baadaye.