Pilipili Inapikwa, Hailetwi Mezani

Wasee, leo nasema na mkitaka mbishe: hoteli ikikuletea chakula hakina makali, halafu ikuwekee chupa ya pilipili pembeni, hiyo imekuchezea.

Mwezi uliopita nilikuwa Houston kwa shangazi. Ndio, mimi huyu niliyeacha chuo mwaka wa pili, visa nilipata. Tukapanda gari mpaka Lafayette, Louisiana, kama kilomita 350, juu nilitaka kuonja chakula cha Wacajun kwao.

Hoteli ya kwanza ilikuwa kubwa, imejaa wageni. Dada wa kuhudumia akasikia lafudhi yangu akasema, "Usijali, tutakupunguzia makali." Sikuwa nimeomba! Ikaja gumbo ya mgonjwa wa wodini. Na chupa mezani. Lakini pilipili ya juujuu inachoma ulimi tu, mchuzi wenyewe haujui kama umetiwa kitu.

Jioni tukaingia kahoteli kadogo, meza sita hivi. Shangazi akawahi: "Mpishi atupikie vile anajipikia yeye." Tukaletewa étouffée, mchuzi mzito juu ya wali, na ndani kamba wa maji matamu. Hawa kamba wekundu hata Naivasha wako, waliletwa miaka ya 1970, sisi tunawapita tu.

Manze! Mwanzo unasikia siagi, kitunguu, pilipili hoho, seleri. Ukimeza ndio moto unaamka, polepole, unapanda mpaka masikioni. Pua ikaanza kutoka jasho. Sikugusa chupa. Nilisikia niko nyumbani Likoni, nakula mhogo wa kukaanga na ndimu.

Na hawa watu si wa kulala njaa ya historia. Wazee wao ni Wafaransa waliofukuzwa Kanada na Waingereza kuanzia 1755. Walifika huko kwenye vinamasi wakapika walichopata. Waafrika waliopelekwa utumwani nao waliacha mkono wao kwenye hizo sufuria: jina gumbo lenyewe limetoka kwa neno la Kiafrika la bamia. Sasa chakula kimevuka yote hayo, halafu wewe unakipoza kwa sababu mgeni ana lafudhi?

Najua mtasema kuna watoto, kuna wenye vidonda vya tumbo. Sawa kabisa. Basi waulize. Kuuliza ni heshima, kukisia ni dharau.

Hii kitu inaniuma kwa sababu mamangu anauza viazi karai karibu na feri. Tangu mwaka jana amepunguza pilipili, anasema wateja wapya hawaiwezi. Wale wa zamani wakaanza kupotea mmoja mmoja, na yeye mwenyewe siku hizi hali viazi vyake. Mpishi asipokula alichopika, kuna shida hapo.

Usiku huo nikampigia. "Mama, rudisha pilipili kama zamani. Asiyeiweza akwambie, umpikie zake kando."

"Na wakikimbia wote, hiyo kodi utalipa wewe?"

Nikanyamaza kidogo. Nikasema nitalipa.

"Basi njoo uuze wewe."

Nimekuja. Niko kwa karai kuanzia saa kumi na moja jioni, mpaka mwisho wa mwezi tuone hesabu. Ukifika nitakuuliza kwanza. Lakini chupa mezani haiko.